Twende Ngomani, Lakini na Blanketi



Kila Agosti, wakati wa Nane Nane, wakulima wa Meru hukutana viwanja vya Themi, Njiro, kuona maonyesho na ngoma. Ni burudani, tena ni elimu. Lakini Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Jua likizama, baridi huingia upesi. Basi:

1. Chukua blanketi, na kofia ya mtoto.
2. Beba maji yaliyochemshwa.
3. Keti mbali na moshi wa majiko na watu wanaokohoa.

Mama mmoja alimbeba mwanawe wa miezi minane ngomani hadi usiku. Asubuhi alimleta zahanati. "Amechoka tu," alisema. Nilihesabu pumzi zake: 62 kwa dakika. Kilikuwa kichomi. Alipona kwa sababu mama hakungoja zaidi.

Wewe pia hesabu, mtoto akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, mpeleke zahanati mara moja. Usingoje ngoma iishe. Ngoma itachezwa tena mwakani.