FIT NA CROSSTAR: TOFAUTI NI INCHI NGAPI?

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Msemo huu unafaa sana tukitaka kulinganisha magari mawili ya Honda: Fit ya kawaida na Fit Crosstar.

Mjomba wangu hapa Mugutha huuza mayai Ruiru. Amekuwa akiweka akiba katika sacco ili anunue Fit ya kubebea trei zake. Jirani akamwambia, "Wacha hiyo, itakwama! Nunua Crosstar." Shida ni kwamba Crosstar ni ghali zaidi. Mjomba akanigeukia mimi ninayesoma fizikia nimpigie hesabu.

Magari yote mawili ni ya toleo la nne la Fit, lililoanza kuuzwa Japani Februari 2020. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lenye zaidi ya miaka 8, kwa hivyo bado yanakubalika. Crosstar imevikwa plastiki nyeusi kuzunguka magurudumu, na bampa yake ni nene. Lakini fungua boneti: injini ni zile zile.

Basi tofauti iko wapi? Kwanza, upana. Fit ina milimita 1,695, Crosstar 1,725. Hiyo 30 iliyozidi ni plastiki ya nje, ndani hakuna atakayekaa kwa raha zaidi.

Pili, nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi. Kwa yale yanayovutwa na magurudumu ya mbele, Fit ina milimita 135, Crosstar 160. Zidio ni 25, yaani inchi moja hivi. Inatoka wapi? Fit ya bei ya chini huvaa tairi za rimu 15, Crosstar rimu 16. Kipenyo kikiongezeka inchi moja, gari hupanda nusu inchi tu, kwa sababu ekseli iko katikati ya gurudumu. Nusu iliyobaki ni kazi ya springi na vyuma vya chini.

Wengi pia hudhani ati kila Crosstar huvuta kwa magurudumu manne. La hasha! Zipo Crosstar za magurudumu mawili, na zipo Fit za kawaida za manne. Umbo halikwambii kitu, soma karatasi za gari. Na kwenye tope, kimo huzuia tumbo kukwaruza tu. Kuteleza huzuiwa na tairi zenye meno mazuri. Tena ukipakia watu na mzigo, springi hulala na sehemu ya ile inchi hupotea.

Kwa hivyo tulibeba rula tukapima njia ya kwa mjomba, kutoka barabara kuu hadi langoni. Tuta la katikati lilikuwa sentimita 8 au 9 kila mahali, isipokuwa jiwe moja lililochomoza sentimita 14. Jiwe hilo lingegusa Fit hata ikiwa tupu, na Crosstar iliyojaa ingepita kwa shida.

Mjomba alicheka, akaenda kuazima mtaimbo. Jiwe liling'olewa asubuhi moja, na fedha zilizobaki atanunulia tairi mpya. Nawe msomaji, kabla mzazi wako hajalipia sura ya gari, mwambie apime njia kwanza.