Unajenga Modeli ya Treni ya Malaba? Cheki Usije Ukajenga ya Afrika Kusini

Busia haina reli. Pale ni malori tu, foleni ya malori, halafu malori mengine. Kama umekulia Busia na unataka kujenga modeli ya kichwa cha treni kwa katoni na supa gluu, lazima utoke uende Malaba, mahali reli ya zamani inavuka kuingia Uganda. Na ukienda, usiende kuchukua selfi tu. Nenda na kazi.

Shida ya modeli nyingi tunazoona mtaani si gluu mbaya. Ni kwamba msee ameunda "treni" tu. Ina madirisha, ina magurudumu, imepakwa rangi poa, lakini haifanani na treni yoyote duniani. Ukiiuza ama ukiposti ukisema ni ya Kenya Railways, kuna mzee aliyeendesha hizo mashine miaka thelathini atakuangalia tu na kunyamaza. Hiyo kimya inauma kuliko kuchomwa.

So chagua kichwa kimoja na mwaka mmoja. Ile ambayo wengi wetu tumeiona ikivuta makontena ni Class 93, muundo wa U26C kutoka General Electric ya Marekani. Kenya ilizileta 1978, zikapewa namba kuanzia 9301. Mwaka una maana kubwa hapa. Mwishoni mwa 2006 RVR ilikabidhiwa kuendesha reli, na 2017 ikarudi mikononi mwa Kenya Railways. Rangi na nembo zilibadilika njiani. Ukibandika nembo ya RVR kwa kichwa unachosema ni cha 1985, umejichoma mwenyewe.

Sasa hapa ndipo wengi wanaangukia. Utaenda kwa simu, utaandika U26C, na picha zitamwagika. Tulia kwanza. Afrika Kusini wanazo, wanaziita Class 34. New Zealand pia wako na ndugu zao, DX. Ni familia moja lakini si mashine moja: kebini, taa, na vitu vya mbele vinaweza kutofautiana. Hata reli si sawa. Zao zina upana wa milimita 1,067, yetu ni 1,000. Tumia picha za huko kuelewa umbo, lakini ukifika kwa vitu vidogo, fuata picha ya Kenya, tena ya namba ile ile unayojenga. Mlango ukibadilishwa karakana baada ya ajali, hiyo namba inabaki na huo mlango, na jirani yake hana.

Vipimo je, na hauna ramani ya kiwanda? Makontena yenyewe ndiyo rula yako. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na upana wa mita 2.44, liwe Mombasa ama Malaba. Piga picha ukiwa mbali, ubavuni, usivute pembe, kichwa na kontena vikiwa kwa reli moja. Kisha linganisha. Mimi ningechagua skeli ya 1:50 kwa sababu hesabu ni rahisi: kontena linakuwa sentimita 24.4, upana wa reli milimita 20 kamili, na dereva wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 3.4. Huyo dereva wa karatasi usimdharau. Akishindwa kupita mlango wa kebini, kuna mahali umekosea.

Kabla ya kutoa simu, ingia stesheni uombe ruhusa. Ni boda, ni reli, askari wako kazini. Na usisimame katikati ya njia eti unatafuta engo.

Piga pande zote mbili, maana kushoto na kulia havifanani. Utaona wavu na matundu mengi na utashangaa ni ya nini. Injini ya dizeli ya hii mashine haizungushi magurudumu moja kwa moja. Inazalisha umeme, umeme unaenda kwa mota zilizo kwenye ekseli, ekseli tatu kila bogi, jumla sita. Vyote hivyo vinachemka, kwa hivyo vinataka hewa. Radieta iko kule mwisho wa bodi ndefu, mbali na kebini. Ukijua hilo, hautachora wavu mahali popote eti kwa sababu unapendeza.

Vyuma vya kushikilia ndivyo vinaua modeli. Watu wanatumia vijiti vya meno, vinakuwa minene kama nguzo ya stima. Bomba la sentimita 3 kwa skeli yetu ni milimita 0.6. Tafuta waya wa kopa kwa fundi anayesuka mota, unyooshe kwa kuuviringisha kati ya mbao mbili. Namba nazo usiandike kwa mkono. Wale wasee wa kukata stika za boda boda na malori wana mashine. Wapelekee picha, waambie urefu kwa milimita.

Rangi, weka tone la nyeupe ndani. Kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa huonekana cheusi zaidi. Uchafu pia una mahali pake. Masizi yanakaa juu, karibu na bomba la moshi. Vumbi jekundu linapanda kutoka chini. Bogi zinapata kahawia ya breki. Lakini pale gurudumu linapogusa reli panang'aa siku zote kama sufuria ya mathe, na karibu kila mtu anapapaka rangi.

Ukimaliza, tafuta dereva mstaafu pale Malaba, mpe hiyo modeli aishike, muulize ni nini hakiko sawa. Fanya hivyo kabla ya kupiga vanishi, juu ikishakauka, kubandua namba ni noma.