Komeo la Flashi

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu, nami nimeyaona. Muhula uliopita mwalimu mlezi wa chama alinikabidhi flashi yenye mashairi na insha za gazeti hili. Jioni moja, nikiharakisha nisiachwe na matatu, nilitaka kufuta faili moja, kumbe nimefuta zote! Kwa kawaida faili za flashi zikifutwa haziendi kwenye pipa la taka la kompyuta. Wenzangu waliandika upya kwa mkono, nami sikuthubutu kuwatazama usoni.

Diski za zamani za inchi 3.5 zilikuwa na kijikomeo pembeni. Ukikisukuma tundu likabaki wazi, mashine ilisoma tu, haikuandika wala kufuta. Flashi nyingi hazina komeo hilo. Hata hivyo, kompyuta ya Windows inaweza kuamriwa kwa maneno.

Kwanza omba ruhusa kwa mwalimu wa kompyuta, maana kazi hii yataka idhini ya msimamizi wa mashine. Chomeka flashi, fungua dirisha la amri, kisha andika haya, mstari mmoja mmoja:

diskpart
list disk
select disk 1
attributes disk set readonly

Amri ya pili huorodhesha diski zote. Hapo ndipo pa kutuliza akili! Namba 0 mara nyingi ni diski ya kompyuta yenyewe. Itambue flashi yako kwa ukubwa; yetu ya gigabaiti 8 huonekana kama 7 hivi. Ikiwa namba yake si 1, andika iliyo yake. Tena usijaribu ati kuandika neno "clean" humo, kwani litafagia diski yote.

Ukimaliza, jaribu kufuta faili. Mashine ikikataa, komeo limeshika. Siku ukitaka kuongeza kazi, rudia hatua zizo hizo, ila mwishoni andika "clear" badala ya "set".

Lakini msibweteke. Ajuaye kufunga ajua pia kufungua, na kila mkihamia kompyuta nyingine hakikisheni tena. Komeo hili huzuia mkono wenye haraka, kama wangu, wala halizuii flashi kupotea. Kwa hivyo wekeni nakala ya pili. Yetu sasa iko kabatini mwa mwalimu.

Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini.