Charlie Chaplin na Muziki Wake

Wengi wetu tunamjua Charlie Chaplin kwa suruali yake pana, kofia yake nyeusi, mkongojo na masharubu mafupi. Aliwachekesha watu wa dunia nzima bila ya kusema neno, kwani sinema za siku zile hazikuwa na sauti. Lakini si wengi wajuao kwamba alikuwa mtunzi wa muziki pia, ingawa hakujua kusoma wala kuandika noti.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1889. Baba na mama yake walikuwa waimbaji, lakini walipatwa na umaskini mkubwa, hata mtoto akapelekwa katika nyumba ya maskini. Shuleni hakukaa sana. Alipokuwa na umri wa miaka 16 alianza kujifunza fidla, akafanya mazoezi saa nyingi kila siku. Kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, ilimbidi azigeuze nyuzi zake.

Mwaka 1914 alianza kuonekana katika sinema huko Marekani, na baada ya muda mfupi sifa zake zikaenea kote. Mwaka 1925 nyimbo zake mbili zilitiwa katika santuri, naye mwenyewe akaiongoza bendi ya Abe Lyman.

Mwaka 1927 sinema zilianza kusema. Wachezaji wengi walifuata, lakini Chaplin alikataa. Aliona kwamba matendo hufahamika kwa watu wote, bali maneno hufahamika kwa wenye lugha yao tu. Basi mwaka 1931 alitoa City Lights, sinema isiyo na mazungumzo, ila ina muziki alioutunga yeye. Aliutungaje? Aliuimba, au aliutafuta kwa vidole kwenye piano, na mwenzake Arthur Johnston akauandika.

Katika Modern Times, mwaka 1936, watu waliisikia sauti yake katika sinema kwa mara ya kwanza. Aliimba wimbo, lakini maneno yake hayakuwa ya lugha yo yote. Aliyabuni tu, na maana yakaitoa mikono na macho yake! Sauti nyingine ya sinema hiyo ilitiwa maneno na watu wengine mwaka 1954, ikawa wimbo uitwao "Smile", ambao Nat King Cole aliuimba katika santuri.

Mwaka 1952 alimaliza Limelight. Aliposafiri kwenda Uingereza, serikali ya Marekani ikamfungia njia ya kurudi, na sinema hiyo haikuonyeshwa Los Angeles mpaka mwaka 1972. Kwa hiyo muziki wake ulipata tuzo ya Oscar mwaka 1973, yeye akiwa na umri wa miaka 83. Wenzake wawili waliosaidiana naye, Raymond Rasch na Larry Russell, walikuwa wamekwisha kufa.

Chaplin alifariki mwaka 1977. Hakungoja kujua noti ndipo atunge, wala hakuona haya kuwaomba wanaozijua wamsaidie. Nasi tusione haya.