Sufu, Maji na Sabuni



Akaaye hapa Nkome, kando ya Ziwa Viktoria, hana haja ya nguo nzito. Basi mama mmoja jirani yetu alipokuja na ua jekundu la sufu kifuani pa gauni lake, tulicheka, tukamwuliza kama aota moto mchana. Hakujibu neno, bali alilibandua akalitia mikononi mwetu. Lilikuwa jepesi kama unyoya, wala halikuwa na uzi wala mshono. Hapo cheko likatuisha, tukamwomba atufundishe.

Siku ya kwanza tuliona aibu. Mwalimu wetu alisema kila mtu alete sufu, na mwenzetu mmoja akaja na kapu limejaa sufi, yaani pamba ya msufi tutiayo katika mito. Tofauti ni herufi moja tu! Tukaimwagia maji, yakateleza juu yake kama juu ya mgongo wa bata. Tukaisugua hata adhuhuri, isishikamane. Kesho yake tukajaribu manyoya ya kondoo wetu wa hapa. Nayo yakatushinda, kwa maana kondoo wa Usukuma ana nywele fupi kama za mbuzi, hana sufu.

Sababu yake ni hii. Kila unywele wa sufu una magamba madogo sana, yaliyopangwa kama ya samaki, wala jicho haliwezi kuyaona. Maji ya moto na sabuni huyafanya yainuke; mkono ukisugua, nywele hutembea, hupenyana na kukamatana, na zikiisha kukamatana hakuna awezaye kuzifumua. Sufi ni laini, haina magamba. Sufu ifaayo hutoka kwa kondoo wa nchi za baridi, kama wale wa merino na corriedale wanaofugwa katika nyanda za juu za Kenya. Huko Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, kina mama walianza mwaka 1977 kuisokota na kuifuma.

Tena kazi hii si ngeni kama tulivyodhani. Wazee wanaikumbuka tarabushi ya askari wa KAR. Kofia za namna hiyo, kama zile za Tunis ziitwazo chechia, hufumwa kwanza kwa sindano zikiwa kubwa kupita kiasi, kisha huoshwa na kusuguliwa hata zikanywea na kuwa ngumu. Na huko milima ya Altai, katika makaburi yaliyofunikwa na barafu zaidi ya miaka 2,000, walikuta mabata maji yaliyotengenezwa kwa sufu ya kushindiliwa, nayo yangali mazima.

Basi nyumba saba tulichanga fedha, tukaagiza sufu iliyokwisha kuoshwa na kuchanwa. Mwenye kutaka ua na afanye hivi. Avute vishungi vyembamba, avilaze juu ya mkeka vyote vikielekea upande mmoja. Juu yake alaze tabaka la pili kwa kukingama, kisha la tatu kama la kwanza. Afunike kwa kipande cha chandarua, anyunyize maji ya moto yenye sabuni, asugue polepole kwa kiganja, asikaze mkono. Akifinya kidogo na nywele zikainuka, bado, aendelee. Zisipoinuka, aukunje mkeka na kuuviringisha mara nyingi, akiigeuza sufu kila mara, kwa kuwa hunywea upande ule inakoviringishwa. Mwisho aisuuze kwa maji baridi yenye matone ya siki, aipe umbo ingali na unyevu, na kuianika kivulini. Kwa shanga, aviringishe kidonge katika viganja vyenye povu. Akikibana mapema, kitapasuka.

Sisi tulifanya haraka. Tulitaka mshipi wa kiunoni siku ile ile, tukamwaga maji yanayochemka na kusugua kwa nguvu. Sufu ikajikunja, ikawa vifundo, na theluthi ya mali ya nyumba saba ikapotea. Mmoja wetu alilia, kwa maana fedha yake ilitoka katika dagaa wa juma zima. Hatukumlaumu mwalimu, alikuwa ametuonya.

Tangu siku ile twakata kipimo kwanza: tukitaka kitu cha sentimita 20, twalaza sufu sentimita 30. Mishipi na mikoba tumeiacha kwanza, maana hula sufu nyingi. Twafanya maua na shanga, na wageni wapitao hapa kuvuka kwenda Rubondo wamenunua kiasi. Faida bado ni ndogo, wala hatumshauri mtu aache shamba lake kwa ajili ya maua. Lakini yule aliyelia amekwisha kurudishiwa fedha yake, na ndiye sasa ashikaye ufunguo wa debe la sufu iliyobaki. Ametia humo majani makavu ya mwarobaini, kwa kuwa nondo wa Nkome nao wameanza kuipenda sufu.