Gari Likivuja Oili, Tutafute Chanzo Kabla ya Kutafuta Spea

Katika nyumba nyingi za mjini, mtu wa kwanza kugundua kwamba gari linavuja oili si dereva wala fundi, bali ni yule afagiaye ua. Gari likisha kuondoka asubuhi, yeye hubaki akitazama doa jeusi mchangani. Siku ya kwanza hulifukia; siku ya pili hulikuta tena, nalo limekuwa kubwa zaidi. Hapo ndipo swali linapoingia nyumbani: je, gari lipelekwe kwa fundi sasa, au tungoje mwisho wa mwezi?

Jirani yangu mmoja hapa Dar es Salaam, ambaye riziki ya nyumba yake hutokana na teksi ndogo aina ya Toyota Corolla, alichagua kungoja. Kila oili ilipopungua aliongeza. Mkewe, ambaye ndiye mtunza hesabu wa nyumba, alikuwa akiandika katika daftari kila shilingi iliyotoka. Mwishoni mwa mwezi wa tatu mama huyo alijumlisha fedha za oili peke yake, akamwita mumewe mezani. Fedha zilizokwisha mwagika barabarani zingetosha kuwanunulia watoto wao wawili sare na madaftari. “Baba watoto,” alimwambia, “gari hili sasa ni mtoto wetu wa tatu, na ndiye anayekula kuliko wenzake.”

Basi jirani yangu akaenda kwa fundi. Lakini taabu yake haikuishia hapo, na yaliyompata ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

TONE MOJA NI KITU GANI?

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yafaa tukumbuke kwamba haba na haba hukimaliza kibaba pia. Matone yapatayo 20 hufanya mililita 1. Tuseme injini inadondosha tone moja kila sekunde 10. Kwa saa moja yatakuwa matone 360, yaani mililita 18. Teksi ambayo injini yake hufanya kazi saa 8 kwa siku itapoteza mililita 144 kila siku, na katika muda wa juma moja itakuwa imepoteza lita nzima. Injini nyingi za magari madogo hubeba lita 3 hadi 4 tu. Mwenye gari asiyechomoa kijiti cha kupimia kwa majuma mawili anaweza kuwa anaendesha gari lenye nusu ya oili yake bila ya kujua.

Oili si ya kulainisha tu. Ndiyo inayotenganisha chuma na chuma, na ndiyo inayochukua sehemu ya joto kutoka ndani ya injini. Ikipungua mno, pampu huvuta hewa, beringi husagika, na injini hukwama. Hapo gharama si ya kipande cha mpira tena, bali ni ya injini nzima.

Aidha, oili inayovuja haina adabu, huenda popote. Ikiangukia mkanda wa taiming, huulainisha na kuuharibu mpaka ukatike. Ikiingia kwenye klachi, gari huanza kuteleza mlimani. Ikidondokea bomba la moshi lililo karibu na injini, huungua na kutoa harufu ndani ya gari, na bomba likiwa la moto sana oili hiyo yaweza kushika moto. Kwa hiyo harufu ya oili inayoungua si jambo la kuzoea. Ni jambo la kusimamisha gari na kufungua boneti.

INJINI HUVUJA KWA NINI?

Injini imeundwa kwa vipande vingi vya chuma vilivyofungwa pamoja. Baina ya vipande vilivyotulia huwekwa gasketi, kama ile iliyo chini ya kifuniko cha valvu juu ya injini. Mahali ambapo mhimili unaozunguka hutokeza nje, huwekwa sili. Sili ni pete ya chuma yenye mdomo wa mpira unaoukumbatia mhimili, na nyuma ya mdomo huo aghalabu kuna springi nyembamba ya mviringo inayoubana. Krankishafti, ambao ndio mhimili mkuu wa injini, una sili mbele na nyuma.

Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka, hata gari lisipotembea sana. Magari yetu mengi yameagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Mnunuzi hutazama rangi na viti, lakini mipira ya injini ina umri uleule wa gari. Hukakamaa kama plastiki, hupasuka, na oili hupata njia.

Kuna sababu nyingine isiyotajwa sana katika gereji za mitaani. Ndani ya injini hewa hujikusanya kwa sababu sehemu ya moshi hupenya kando ya pistoni. Hewa hiyo hutolewa kwa mpira wa kupumulia na vali yake ndogo. Vali hiyo ikizibwa na utope wa oili, msukumo huongezeka ndani na kuisukuma oili nje kupitia kila sili iliyo dhaifu. Katika hali hiyo mtu aweza kuweka sili mpya, tena bora, na bado injini ikavuja.

CHANZO KWANZA

Hili ndilo kosa lililomgharimu jirani yangu. Oili hutiririka kwenda chini, na gari likiwa mwendoni upepo huipeleka nyuma. Kwa hiyo mahali inapodondokea si lazima pawe ndipo inapotokea. Gari lake lilikuwa likidondosha oili pale injini inapoungana na giaboksi. Fundi wa kwanza alichungulia chini akasema, “Sili ya nyuma hiyo, mzee.” Giaboksi ikashushwa, ikawekwa sili ya bei ndogo isiyo na jina la mtengenezaji. Baada ya siku chache doa likarudi uani. Fundi akalaumu spea. Jirani yangu akakopa fedha, akanunua sili halisi ya kampuni, na giaboksi ikashushwa mara ya pili. Doa likarudi tena.

Fundi wa tatu, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, hakushika spana. Alifunika sehemu za umeme kwa mifuko ya plastiki, akaiosha injini, akaikausha, akaiwasha kwa muda, kisha akapekua kwa tochi kuanzia juu. Palepale akaona uzi mwembamba wa oili ukishuka kutoka kwenye distribyuta. Katika injini ya Corolla ile, distribyuta imefungwa pembeni mwa kichwa cha injini, juu ya giaboksi, na shingoni mwake mna pete ndogo ya mpira. Pete hiyo ilikuwa imekakamaa. Oili iliyotoka hapo ilishuka mpaka kwenye ungio la giaboksi, ikafanana kabisa na oili ya sili ya nyuma. Tena vali ya kupumulia ilikuwa imeziba.

Sili mbili zilinunuliwa, moja rahisi na moja ghali, na zote mbili hazikuwa na kosa lolote. Kilichokosekana ni nusu saa ya kuosha na kutazama.

Msomaji anaweza kufanya uchunguzi wa awali mwenyewe. Tandika kadibodi safi chini ya gari usiku kucha, kisha tazama asubuhi. Oili ya injini huwa ya rangi ya asali au nyeusi. Ya giaboksi ya otomatiki mara nyingi huwa nyekundu. Na maji ya rejeta mara nyingi huwa ya kijani au mekundu, wala hayana utelezi wa oili. Mahali panaposhukiwa, pakisha kusafishwa, panaweza kunyunyiziwa poda nyepesi ya mtoto. Oili itachora njia yake juu ya poda hiyo. Na kanuni ni moja: sehemu ya juu kabisa iliyolowa ndiyo ya kushukiwa kwanza.

SPEA ZIKO ZA AINA NGAPI?

Mtu akisha kukijua chanzo, ndipo aende Gerezani au Kariakoo. Huko atasikia maneno mengi, lakini spea ni za aina nne.

Ya kwanza ni spea halisi ya kampuni iliyounda gari, ambayo mafundi huiita “jenuini”. Ya pili ni spea ya mtengenezaji anayeiuzia kampuni hiyo, lakini ikiwa katika boksi la jina lake mwenyewe. Watu wengi hawajui kwamba viwanda vya magari havitengenezi kila kitu. Kampuni ya NOK ya Japani, iliyoanzishwa mwaka 1939, ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa sili, na sili zake zimo katika magari mengi ya Kijapani. Huko Ujerumani, Freudenberg ilianza mwaka 1849 ikiwa kiwanda cha ngozi mjini Weinheim. Ikatengeneza sili za ngozi, kisha za mpira. Kwa gasketi, majina kama Elring na Victor Reinz yanajulikana tangu zamani.

Ya tatu ni spea ya mtengenezaji mwingine asiyeiuzia kampuni ya gari. Humu mna nzuri na mbaya. Sili mbili zaweza kulingana kwa umbo, lakini mpira ukawa tofauti. Mpira wa kawaida wa naitraili hustahimili joto la nyuzi 100 za Sentigredi na ushei, hali mpira wa hali ya juu wenye fluorini huweza kufikia nyuzi 200 hivi. Jicho haliwezi kuona tofauti hiyo, injini huiona.

Ya nne ni ya bandia, iliyotiwa katika boksi la jina la mwingine. Hii si rahisi wala ghali, ni wizi. Tanzania ina Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ndiyo hushughulikia bidhaa bandia. Mnunuzi naye ajilinde. Aende na namba ya spea au spea ya zamani mkononi. Alinganishe vipimo vilivyopigwa chapa juu ya sili. Atazame kama mdomo wa mpira ni laini usio na mikwaruzo. Zaidi ya yote, adai risiti, kwani muuzaji anayekataa kutoa risiti amekwisha sema ukweli wake.

WAPI TUTUMIE IPI?

Hapa nitoe kanuni inayofaa mfuko wa mfanyakazi: usitazame bei ya spea peke yake, bali tazama na gharama ya kuifikia. Gasketi ya kifuniko cha valvu iko juu, na fundi huibadilisha kwa muda mfupi. Hapo spea ya mtengenezaji mwingine mwenye jina jema yatosha. Ikichoka mapema hasara ni ndogo. Lakini sili ya nyuma ya krankishafti hutaka giaboksi ishushwe. Tuseme sili rahisi ni shilingi 10,000, bora ni shilingi 40,000, na ufundi ni shilingi 150,000. Anayeokoa shilingi 30,000 kwenye spea anaweka rehani shilingi 150,000 za ufundi. Mahali pa namna hiyo nunua ya kampuni au ya yule anayeiuzia kampuni. Vivyo hivyo sili ya mbele iliyo nyuma ya mkanda wa taiming: ibadilishwe mkanda unapobadilishwa, ili kazi isifanywe mara mbili.

Spea bora nayo huharibiwa na mkono mbaya. Nyuso za aluminiamu zisikwanguliwe kwa bisibisi, maana mkwaruzo huwa mfereji. Bolti za kifuniko zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ukikaza mno, gasketi hupondeka na kifuniko hupinda. Silikoni itiwe pale tu kitabu kinapoagiza, tena nyembamba, kwa sababu inayozidi humeguka ndani, ikaenda kuziba chujio la pampu ya oili. Mdomo wa sili upakwe oili kabla ya kuingizwa, nao mhimili ukaguliwe. Ukiwa na mfereji uliochimbwa na sili ya zamani, hata sili ya kampuni itavuja. Na distribyuta ikitolewa, iwekewe alama kwanza, irudi palepale ilipokuwa.

Jirani yangu alinunua pete moja ya mpira, bei yake ndogo kuliko chakula cha mchana, na vali mpya ya kupumulia. Kazi ilikwisha kabla ya adhuhuri. Mkopo wa sili ya pili aliendelea kuulipa kwa miezi miwili zaidi.

Mama yule bado anaandika katika daftari lake. Siku hizi ameongeza safu moja, ambayo ningependa kila nyumba yenye gari iwe nayo: kila Jumapili asubuhi, injini ikiwa baridi, na gari limesimama mahali tambarare, mumewe huchomoa kijiti cha oili, na mkewe huandika alichokiona.