MFARISHI WA VIRAKA: KUVUNJIKA KWA KOLEO SI MWISHO WA UHUNZI



Sisi wa Kasese tunajua kwa uchungu hatari ya kutegemea kazi moja. Reli ilifika hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Uchimbaji ule ukasimama mwaka 1982, na jamaa nyingi zikabaki bila mshahara. Mto Nyamwamba ulipofurika mwaka 2013, na tena mwaka 2020, wengi walipoteza hata matandiko. Kwa hiyo akina mama wa chama walipoomba fedha za cherehani 2 kutoka sanduku letu, washone mifarishi ya viraka baada ya saa za kazi, tulikubali.

Mfarishi una tabaka 3: juu viraka vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana. Viraka tulivipata kwa mafundi wa mjini na katika mitumba ya soko la Mpondwe, kule Bwera. Pamba ni zao la wilaya yetu. Tukadhani kazi ni nyepesi.

Mfarishi wa kwanza ulikataa kulala sawa. Safu moja ya viraka 12 ilikuwa fupi kuliko ya jirani yake, na pembe hazikukutana. Mama mmoja alitupa mkasi chini, akasema harudi tena. Wengine wakaanza kulaumiana. Tulipochukua futi tukaona kosa: huyu alishona robo inchi kutoka ukingoni, yule alizidisha nusu ya robo. Ni kidogo, lakini kila mshono hula vitambaa viwili, na safu ile ina mishono 11. Jumla yake ni inchi 2 na robo tatu! Hakuna aliyekuwa mvivu. Tulikosa kipimo kimoja.

Tukakata kigezo cha boksi gumu, kila mtu akakitumia. Kwenye kila cherehani tukabandika utepe robo inchi kutoka sindano, ukingo wa kitambaa upite hapo. Yule mama tulimfuata nyumbani, tukamwomba radhi, akarudi.

Mfarishi wa pili ulipendeza, ukauzwa. Baada ya wiki chache mnunuzi aliurudisha. Ulipofuliwa, pamba ilikusanyika mabonge pembeni, na kitambaa chekundu kilichuja rangi juu ya cheupe. Tulimrudishia fedha zake. Siku ile hata sisi viongozi tulikosa usingizi, maana fedha za sanduku ni jasho la wanachama.

Ndugu, haya ndiyo tuliyojifunza:

1. Fua vitambaa vyote kabla ya kukata. Vitakavyorudi virudi mapema, na vitakavyochuja vijulikane.

2. Kata kwa kufuata uzi wa kitambaa. Kipande kilichokatwa mshazari huvutika.

3. Tandaza tabaka zote 3 sakafuni, upige bandi kuanzia katikati kwenda nje, ili kusiwe na mikunjo.

4. Shona mistari ipenye tabaka zote, kila baada ya upana wa kiganja au chini yake. Mistari hiyo ndiyo inayoishika pamba isihame.

5. Ukikosea, fumua mapema. Kufumua mshono mmoja leo ni dakika chache. Kesho utafumua mfarishi mzima.

Mfarishi wa tatu tuliufua wenyewe mara 3 kabla ya kuuonyesha mtu. Haukuharibika. Deni la sanduku bado halijaisha, lakini sasa linapungua.

Tumeandika haya kwa sababu matawi mengine yanataka kuanza kazi kama hii. Anzeni, lakini msione haya kueleza makosa yenu mbele ya wenzenu. Na mkumbuke kipimo kimoja. Hata katika madai ya mishahara, kila mmoja akipima kwa kidole chake, safu haitalingana, na tajiri ndiye atakayefaidika.